Deni la Mwalimu Lilipwe kwa Kufundisha



Nimeombwa nizungumzie mikopo ya wanafunzi na upungufu wa walimu katika shule za umma za Tanzania. Mambo haya mawili tumezoea kuyajadili katika vikao tofauti. Mikopo tunaijadili bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, linapochelewa, au Bodi ya Mikopo inapowatafuta wadaiwa sugu. Upungufu wa walimu tunaujadili matokeo ya kidato cha nne yanapotoka na kuonyesha shule nzima imeanguka katika fizikia au hisabati. Leo naomba tuyaweke kwenye meza moja, kwa sababu mtu anayezungumziwa katika vikao vyote viwili ni yule yule: kijana aliyesomea ualimu kwa mkopo, akapangiwa shule ya kijijini, na sasa tunamtaka abaki huko.

Hoja yangu ni moja, na naitaja mapema ili tuipime pamoja. Mwalimu aliyesomeshwa kwa mkopo wa Serikali, akakubali kufundisha katika shule ya umma yenye uhitaji mkubwa, ahesabiwe kuwa analipa deni lake kwa kazi hiyo. Kila mwaka anaofundisha ufute sehemu ya deni, makato yasimame tangu mshahara wake wa kwanza, na hesabu yote ifanywe na Serikali yenyewe bila mwalimu kuhangaika na karatasi. Nitaeleza tulikotoka, nitaonyesha deni linavyomgusa mwalimu mwisho wa mwezi, nitapitia yaliyowakuta wenzetu waliotutangulia, kisha nitasema nini kifanyike kwetu.

Tulikotoka

Katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, kijana aliyechaguliwa kwenda chuo kikuu alisomeshwa na Serikali. Naye aliweka saini kwamba akihitimu atautumikia umma kwa miaka kadhaa, na alikwenda alikopangiwa. Mapatano hayo yalikuwa na ukali wake, kwani kijana hakuwa na sauti kubwa juu ya kituo cha kazi. Lakini kila upande ulijua unachodaiwa. Taifa lilitoa elimu, msomi akatoa miaka. Ni katika hali hiyo Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote. Walimu wengi walihitajika kwa haraka, nchi ikawaita vijana wake, wakaitika.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 uchumi ulitubana, ikaja sera ya kuchangia gharama za elimu. Hatimaye Bunge lilipitisha Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, ikaundwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo ilianza kazi Julai 2005. Bodi hii imefanya kazi kubwa. Watoto wa wakulima, wavuvi na mama lishe wamefika vyuo vikuu kwa sababu yake, na walimu wengi wa sekondari za kata wamepita humo. Wanafunzi wa ualimu wa sayansi na hisabati wamekuwa katika makundi ya kipaumbele, na kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 mikopo imefika hadi kwa wanafunzi wa stashahada katika fani zilizoteuliwa, ualimu ukiwamo.

Kwa hiyo mlangoni tunampa mwalimu heshima. Tunamwambia: nchi inakuhitaji, chukua mkopo huu usome. Tatizo linaanza akishatoka. Siku anaporipoti kituo cha kazi, kipaumbele kinakwisha, na yeye anakuwa mdaiwa kama mdaiwa mwingine yeyote. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato ya kila mwezi kutoka asilimia 8 hadi asilimia 15 ya mshahara wa mwajiriwa. Asilimia hiyo ni ile ile kwa mhasibu wa Dar es Salaam na kwa mwalimu wa fizikia aliye peke yake katika shule ya kijijini wilayani Kalambo. Mapatano ya zamani, ya elimu kwa miaka ya utumishi, tuliyaacha. Tukabaki na mkopo wa kawaida, wenye riba ndogo au usio na riba, lakini usiouliza kabisa mkopaji anafanya kazi gani na anaifanyia wapi.

Hati ya mshahara

Makato haya tuyatazame kwa karibu. Nitatumia tarakimu rahisi ili kila mmoja aweze kuzifuata.

Tuchukue mwalimu mwenye mshahara ghafi wa shilingi 700,000. Mchango wake wa pensheni ni asilimia 5, yaani 35,000. Bima ya afya asilimia 3, yaani 21,000. Ada ya chama cha walimu asilimia 2, yaani 14,000. Kodi ya mapato, baada ya kuondoa mchango wa pensheni, inafika 49,000. Bodi ya Mikopo inachukua asilimia 15, yaani 105,000. Jumla ya makato ni 224,000. Anabakiwa na 476,000.

Katika makato yote hayo, la mkopo ndilo kubwa kuliko yote. Ni zaidi ya mara mbili ya kodi. Ni mara tatu ya mchango wa pensheni. Ikiwa alimaliza chuo na deni la shilingi milioni 9, atalipa 105,000 kila mwezi kwa zaidi ya miaka 7. Hiyo ndiyo miaka ambayo mwalimu kijana anaoa au kuolewa, anazaa, anasomesha wadogo zake, na anatafuta kiwanja. Ndiyo pia miaka anayoamua kama ualimu ni kazi ya maisha yake au ni kituo cha kupita.

Sasa tumtazame anavyoishi. Shule iko mbali na makao makuu ya wilaya. Nyumba ya mwalimu ni moja, na humo anaishi mkuu wa shule. Kijana anapanga chumba kijijini, ananunua sola ndogo ili asahihishe madaftari usiku. Akihitaji fedha anatafuta wakala, na mwezi ukiharibika anatafuta mkopeshaji. Hapo ndipo anapokutana na wale wa kausha damu, wanaomshikia kadi ya benki na namba ya siri. Sheria inamlinda asibakiwe na chini ya theluthi moja ya mshahara kupitia makato rasmi, lakini haiwezi kumlinda na deni lililoandikwa kwenye daftari la mtu. Mwalimu aliyefika hapo anafundisha akiwa na mawazo mengine, na anatafuta uhamisho kwa kila njia.

Ni haki kusema kwamba nafuu imekuwapo. Kwa miaka mingi deni liliongezeka kwa asilimia 6 kila mwaka kwa ajili ya kulinda thamani ya fedha, na wengine walijikuta wanalipa huku salio halishuki. Siku ya Mei Mosi mwaka 2021, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuiondoa tozo hiyo, na ikaondolewa. Walimu walishangilia, na walikuwa na sababu. Tendo lile lilituonyesha jambo muhimu: masharti ya deni si amri kutoka mbinguni. Yaliwekwa na watu kwa sheria, na watu wanaweza kuyabadili kwa sheria.

Yaliyowakuta Wamarekani

Wazo la kumfutia mwalimu deni kwa kazi yake lina umri wa zaidi ya miaka 60, na nchi iliyolijaribu kwa muda mrefu na kwa sura nyingi ni Marekani. Oktoba 4, 1957, Wasovieti walirusha Sputnik angani. Wamarekani walishtuka, wakajiuliza kama shule zao zinafundisha sayansi ya kutosha. Haukupita mwaka kabla Rais Eisenhower hajatia saini, Septemba 2, 1958, sheria ya elimu kwa ajili ya ulinzi wa taifa. Ndani yake kulikuwa na mikopo ya wanafunzi yenye kipengele cha pekee: aliyekwenda kufundisha katika shule ya umma alifutiwa asilimia 10 ya deni kwa kila mwaka, hadi nusu ya deni lote.

Utaratibu huo ulikuwa mwepesi kuuelewa. Umefundisha mwaka mmoja, sehemu ya kumi imekwenda. Mikopo ya Perkins, iliyourithi, iliongeza ukarimu: mwalimu wa shule yenye watoto wa kipato cha chini, au wa somo lenye upungufu, alifutiwa asilimia 15 katika mwaka wa kwanza na wa pili, 20 katika wa tatu na wa nne, na 30 katika wa tano. Miaka mitano, deni lote limekwisha. Kila mwaka mwalimu aliona tofauti kwenye salio lake, na kila mwaka aliokaa ulimpa sababu ya kukaa mwingine.

Baadaye zilikuja programu nyingine zenye fedha nyingi na milango myembamba. Moja inamtaka mwalimu afundishe miaka mitano mfululizo katika shule yenye kipato cha chini ndipo afutiwe dola 17,500 kama ni mwalimu wa sekondari wa hisabati au sayansi, au wa elimu maalumu, na dola 5,000 kwa wengine. Kabla ya miaka mitano kutimia hapati kitu. Watafiti waliouchunguza mpango huo walikuta kwamba haukubadilisha kwa kiasi cha kuonekana uamuzi wa walimu wa kwenda au kubaki katika shule hizo. Sababu mojawapo ni kwamba masharti yalikuwa magumu kufuatwa, na faida ilikaa mbali mno na siku ya uamuzi.

Nyingine, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, ilitoa ruzuku ya hadi dola 4,000 kwa mwaka kwa mwanachuo aliyeahidi kufundisha somo lenye uhitaji katika shule yenye uhitaji, kwa miaka minne ndani ya miaka minane baada ya kuhitimu. Asipotimiza, ruzuku inageuka mkopo, na riba inahesabiwa tangu siku alipopokea fedha. Kilichotokea kiliwaumiza watu wema. Maelfu ya walimu waliokuwa darasani, wakifundisha pale pale walipoahidi, walijikuta na madeni kwa sababu fomu ya uthibitisho ya mwaka ilichelewa, ilikosa saini, au ilipotea njiani. Malalamiko yalipofika kwa umma mwaka 2018, wizara yao ya elimu ililazimika kufungua njia ya kuwarudishia ruzuku zao.

Mwaka huo huo wa 2007 ulianzishwa pia mpango wa msamaha kwa watumishi wote wa umma, walimu wakiwa miongoni mwao: ukilipa rejesho mara 120, yaani kwa miaka 10, salio linafutwa. Wa kwanza walistahili mwaka 2017. Walipoomba, takriban maombi 99 katika kila 100 yalikataliwa. Mmoja alikuwa na aina ya mkopo isiyotambuliwa, mwingine aliwekwa kwenye mpango wa malipo usiofaa, na hakuna aliyewaeleza mapema. Masharti yalipolegezwa kuanzia Oktoba 2021, mambo yalibadilika, na zaidi ya watu milioni moja wamefutiwa madeni. Sheria ilibaki ile ile, na watu walikuwa wale wale. Utaratibu ndio uliorekebishwa.

Ushahidi wa kwamba jambo hili linaweza kufanya kazi upo pia. Jimbo la Florida lilikuwa na mpango wa kuwalipia madeni walimu wa masomo adimu. Watafiti Li Feng na Tim Sass waliupima, wakakuta kwamba walimu wa masomo kama hisabati na sayansi waliolipiwa waliacha kazi kwa kiwango kidogo zaidi, na kwamba ukubwa wa malipo ulikuwa na uzito katika matokeo hayo.

Kutokana na safari hiyo ndefu ya Wamarekani mimi nachukua mafunzo matatu. Nafuu ionekane mapema na kila mwaka, isisubiri mwisho wa safari. Kiasi kiwe kikubwa cha kutosha kumfanya mtu abadili mpango wa maisha yake. Na mzigo wa kuthibitisha utumishi usiwekwe begani mwa mwalimu.

Wenzetu wa kusini, na somo letu la Dodoma

Afrika Kusini ilichagua njia nyingine. Mwaka 2007 ilianzisha ufadhili wa Funza Lushaka kwa wanachuo wa ualimu katika masomo na madaraja yenye upungufu. Ufadhili unagharimia masomo yote, na sharti ni mwaka kwa mwaka: umelipiwa miaka minne, utafundisha miaka minne katika shule ya umma. Ukivunja ahadi, unarudisha fedha. Nauheshimu mpango huu kwa uwazi wake. Hata hivyo umewahi kusumbuliwa na jambo ambalo nasi tunalifahamu vizuri. Mhitimu yuko tayari kufundisha, shule zinamhitaji, lakini nafasi ya ajira haijafunguliwa, au anayegawa nafasi hana habari na aliyegawa ufadhili. Ahadi ni deni kwa pande zote mbili. Kijana aliyeahidi kufundisha anadai kuajiriwa.

Hapa kwetu tulipata somo kali mwaka 2016. Chuo Kikuu cha Dodoma kilikuwa na stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari, iliyobuniwa ili kuziba pengo la walimu wa sekondari. Vijana walivutwa kwa nafasi na kwa mikopo. Mwishoni mwa Mei mwaka huo, wanafunzi 7,802 walirudishwa nyumbani kwa mpigo, kukiwa na mgogoro wa walimu wao kutoingia madarasani na maswali juu ya sifa za kujiunga. Baadaye wengi wao walipelekwa katika vyuo vya ualimu. Leo sitaki kurudi kwenye lawama za wakati ule. Nataka tukumbuke kwamba fedha za mkopo ziliweza kuwaita maelfu ya vijana kwenye ualimu wa sayansi ndani ya muda mfupi. Wito uliitikiwa. Kilichokosekana ni mpango wa kuwapokea, kuwafundisha vizuri na kuwapangia kazi.

Baada ya hapo, kwa miaka kadhaa, ajira za walimu zilitoka kwa kubana. Wahitimu walikaa nyumbani wakiwa na vyeti, huku shule za jirani zao zikiwachangisha wazazi fedha za kumlipa mwalimu wa kujitolea. Wengine walijitolea kwa muda mrefu bila mshahara, na deni lao la mkopo likiwasubiri. Mpango wowote wa mkopo wa walimu usioanza na idadi ya ajira utawaongezea vijana hawa madeni tu.

Nini kifanyike

Napendekeza mambo matano, na nayaeleza kwa namna ambayo mbunge, afisa wa hazina au mwalimu wa kata anaweza kuyajadili.

Kwanza, kila mwaka wa utumishi ufute moja ya tano ya deni. Kwa yule mwalimu wetu mwenye deni la milioni 9, kila mwaka anaoumaliza katika shule yenye uhitaji mkubwa unafuta shilingi 1,800,000. Miaka mitano ikitimia, hana deni. Akilazimika kuondoka baada ya miaka mitatu, kwa ugonjwa, kwa kumfuata mwenza au kwa sababu yoyote, miaka yake mitatu ihesabiwe, alipe kilichobaki kwa utaratibu wa kawaida. Mwaka uliotumikiwa usifutwe. Tukifanya hivyo tutamwepusha na msiba uliowapata walimu wa Marekani.

Pili, makato yasimame tangu mwezi wa kwanza. Mwalimu huyo atapokea 581,000 badala ya 476,000. Hiyo 105,000 inalipa kodi ya chumba kijijini na kubakiza, inamtoa mikononi mwa kausha damu, na anaiona kila mwezi. Faida inayoonekana kila mwezi ndiyo inayompa mtu moyo wa kubaki.

Tatu, shule zenye uhitaji zitangazwe hadharani kwa vigezo vinavyojulikana: idadi ya wanafunzi kwa mwalimu, masomo yasiyo na mwalimu kabisa, umbali wa barabara ya lami na wa kituo cha afya. Kipimo kiwe shule yenyewe, kwa sababu ndani ya wilaya moja unaweza kukuta shule ya mjini ina walimu wa ziada na shule ya kisiwani au ya bondeni haina mwalimu hata mmoja wa kemia. Orodha ipitiwe kila baada ya miaka michache, lakini mwalimu aliyeanza kuhesabiwa aendelee kuhesabiwa hata kama shule yake imetoka kwenye orodha.

Nne, mkataba uingiwe chuoni na uende pamoja na nafasi ya ajira. Mwanachuo wa ualimu katika mwaka wake wa mwisho aonyeshwe shule zilizopo, achague kati yake, naye ahakikishiwe ajira. Serikali isiposaini nafasi ya ajira, isimsainishe kijana ahadi ya utumishi. Na muda anaosubiri ajira, deni lisimsumbue.

Tano, hesabu ifanywe na mifumo ya Serikali. Hapa sisi tuna bahati ambayo Wamarekani hawakuwa nayo. Kwao, mkopo unatolewa na serikali kuu, lakini mwalimu anaajiriwa na wilaya yake ya shule, na kati yao kuna makampuni yanayosimamia mikopo. Kila mmoja anamwomba mwalimu ushahidi wa kilichoko kwa mwenzake. Kwetu, aliyemkopesha mwalimu wa shule ya umma ni Serikali, anayemwajiri ni Serikali, na anayemlipa mshahara ni Serikali hiyo hiyo. Mfumo wa mishahara unajua amefundisha wapi na kwa miezi mingapi. Tume ya Utumishi wa Walimu ina kumbukumbu zake. Kama Bodi inaweza kukata asilimia 15 bila kumwomba mwalimu fomu kila mwezi, inaweza pia kumfutia deni bila kumwomba fomu kila mwaka.

Mashaka ya wenye hoja

Najua mashaka yatakayotolewa, na ni mashaka ya watu wanaoitakia nchi mema.

La kwanza ni fedha. Marejesho ya leo ndiyo mkopo wa mwanafunzi wa kesho. Tukifuta bila kufidia, tutamnyima mtoto mwingine chuo. Ndiyo maana Hazina ndiyo inayopaswa kuilipa Bodi kwa kila mwaka unaofutwa, kwa kifungu kinachosomeka wazi kwenye bajeti. Kwa walimu 1,000 wenye madeni ya milioni 9 kila mmoja, gharama ni shilingi bilioni 1.8 kwa mwaka. Kwa walimu 10,000 ni bilioni 18. Ni fedha nyingi, lakini tuzilinganishe na gharama ya kutofanya lolote. Serikali inamlipa posho ya kujikimu mwalimu mpya anayeripoti. Anapohama baada ya miaka miwili, inaanza upya kumtafuta mwingine, na katikati hapo madarasa yanakaa miezi bila mwalimu. Maabara zilizojengwa kwa michango ya wananchi zinafungwa kwa kufuli kwa sababu hakuna wa kuzifungua.

La pili ni usawa. Muuguzi je? Afisa kilimo je? Jibu langu ni kwamba kanuni ni hiyo hiyo, na siku tutakapoona inafanya kazi kwa mwalimu, tuipeleke kwa muuguzi wa zahanati ya kijiji. Naanza na mwalimu kwa sababu ndiye anayemwandaa muuguzi na afisa kilimo, na kwa sababu kengele imekwisha kulia. Kwa mtaala mpya ulioanza kutekelezwa Januari 2024, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita. Mwaka 2027, kundi la mwisho la darasa la saba na kundi la kwanza la darasa la sita la mtaala mpya yatamaliza pamoja. Januari 2028, makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Madarasa yanaweza kujengwa kwa miezi. Mwalimu wa shahada anahitaji miaka mitatu ya chuo.

La tatu ni kwamba mwalimu ataondoka deni likiisha. Baadhi wataondoka, na haki yao ni kuondoka. Lakini mwalimu aliyekaa mahali kwa miaka mitano amekwisha kuijua kazi. Amepeleka kundi zima kutoka kidato cha kwanza hadi cha nne, ana shamba, ana majirani, watoto wake wako shuleni hapo. Wengi wa namna hiyo hawaondoki tena. Na hata anayeondoka ameacha miaka mitano ya hisabati mahali ambapo hapakuwa na hisabati.

Mipaka ya mkopo

Hata hivyo tusidanganyane kwamba mkopo utafanya kazi ya mshahara. Rwanda, ambayo ina chama cha akiba na mikopo cha walimu kwa nchi nzima, Umwalimu SACCO, ilifika mahali ikaona nafuu za pembeni hazitoshi. Agosti 2022 ilitangaza nyongeza ya asilimia 88 kwa walimu wa shule za msingi wenye cheti, na ya asilimia 40 kwa wenye stashahada na shahada. Walielewa kwamba mwalimu anahitaji unafuu wa deni, na anahitaji pia kuishi kwa mshahara wake.

Kwetu pia, kufuta deni kuende na nyumba ya mwalimu, kupandishwa daraja kwa wakati, na kulipwa malimbikizo bila kufuatilia makao makuu ya wilaya kwa nauli yake mwenyewe. Deni ni mzigo mmoja kati ya mizigo kadhaa. Nimeuchagua kwa sababu Serikali yenyewe ndiyo iliyouweka, Serikali yenyewe ndiyo inayoushikilia, na kuutua hakuhitaji mhisani wala mkandarasi.

Ndugu Mwenyekiti, nawaomba wote mlio hapa mfanye jambo moja kila mmoja kwa nafasi yake. Wabunge, iulizeni Serikali ni walimu wangapi wa shule za umma wanaokatwa mkopo, wako shule gani, na wanadaiwa kiasi gani. Takwimu hizo zimo kwenye mifumo, na zikiwekwa hadharani mjadala utakuwa wa hesabu badala ya hisia. Chama cha walimu, kifanyeni kifungu cha kufuta deni kwa miaka ya utumishi kuwa dai lenu la kwanza kila mnapokutana na mwajiri. Bodi ya Mikopo, jaribuni kwanza katika halmashauri chache zenye upungufu mkubwa, kwa walimu wa fizikia, kemia, baiolojia na hisabati, mpime baada ya miaka mitatu wangapi wamebaki, mtangaze matokeo hata yakiwa mabaya.

Na ninyi wanachuo wa ualimu, msione aibu kudai haya. Mkienda mahali ambapo nchi haijaweza kumpeleka mwalimu kwa miaka, mkafundisha watoto wakaelewa, nchi itakuwa imelipwa. Kilichobaki ni sheria iandikwe hivyo.